Tetemeko Likishapita, Ardhi Bado Inajongea

Usiku wa tarehe 12 Agosti 2020, yapata saa 2 na robo, tetemeko la ukubwa wa 6.0 lilipiga chini ya Bahari ya Hindi, kusini-mashariki mwa Dar es Salaam. Lilisikika Dar, likasikika Unguja, likafika mpaka Nairobi. Usiku kama ule watu huuliza kama litarudi. Liko swali jingine lisiloulizwa sana: ardhi yenyewe imeshatulia, au bado iko njiani?

Kwa tetemeko lile jibu ni jepesi. Tetemeko la 6.0 huvunja kipande cha ufa chenye urefu na kina cha kilomita 10 hivi, na pande zake mbili hupishana kwa nusu mita au pungufu. Msogeo huo hufifia upesi kadiri unavyokwenda mbali: umbali ukizidi mara mbili, msogeo unabaki robo. Mji wa Zanzibar ulikuwa zaidi ya kilomita 100 kutoka kitovu, kwa hiyo hesabu ya kukadiria inatoa msogeo wa kudumu wa sehemu ndogo ya milimita. Anayesema kisiwa kilizama au kiliinuka usiku ule anabahatisha. Lakini liweke tetemeko la 7.0 kilomita 50 kutoka pwani yetu, na hesabu ileile inatoa kama sentimita 4 kwa siku moja, kisha nyongeza ya polepole kwa miezi na miaka. Hapo mpimaji, mwashi, mwenye kisima na mkulima wa mwani wote wana kazi.

Na 7.0 si ukubwa wa kubuni upande huu wa Afrika. Desemba 1910 Rukwa ilitikiswa na tetemeko la karibu 7.4. Februari 2006 Machaze, katikati ya Msumbiji, lilipiga la 7.0 likapasua uso wa ardhi. Baharini, mbele ya kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji, uko mkono wa bonde la ufa uliofunikwa na maji unaoitwa Bonde la Kerimba. Mkondo wa Pemba wenyewe, wenye kina cha mamia ya mita wakati ule wa Unguja ni wa makumi tu, ni kazi ya nyufa za kale. Kusema haya si kutabiri. Ni kusema kwamba mtu wa visiwani anayepima kimo cha gati au cha kisima ana haki ya kujua ardhi hufanya nini baada ya mtikisiko.

Mambo matatu, kila moja na mwendo wake

Miamba ya pande mbili za ufa husukumwa pole pole kwa miaka, lakini pale ufa uliposhikana haiwezi kupishana, hivyo hujikunja. Siku msuguano ukishindwa, miamba hujinyoosha kwa sekunde chache. Hilo ndilo tetemeko, na wengi huishia hapo. Kumbe ule mruko wa ghafla umeacha mizigo mipya kila upande: sehemu nyingine zimebanwa kuliko zamani, nyingine zimelegea, na kila tabaka lina namna yake ya kuipokea mizigo hiyo.

La kwanza ni mtelezo wa baadaye kwenye ufa uleule. Ufa haufanani kote. Kuna vipande vinavyoshikana miaka mingi kisha vikaachia kwa mpigo, na kuna vipande ambavyo kadiri unavyovilazimisha kwenda mbio ndivyo msuguano wake unavyoongezeka. Hivi vya pili hupatikana zaidi karibu na uso, kwenye mashapo na udongo wa mfinyanzi, na tena chini kabisa ambako joto limelainisha mwamba. Haviwezi kuruka kwa kishindo. Vinateleza kimya kimya. Huko Parkfield, California, baada ya tetemeko la 6.0 la tarehe 28 Septemba 2004, mtelezo huu wa kimya uliishia kuwa mkubwa kuliko ule wa tetemeko lenyewe. Napa, jimbo hilohilo, tetemeko la 6.0 la Agosti 2014 lilikuwa na balaa la namna nyingine: ufa ulipita chini ya nyumba za watu, na katika siku na wiki zilizofuata uliendelea kusogea kwa sentimita nyingi, ukipinda kingo za barabara na kuvuta misingi ambayo siku ya kwanza ilionekana imesalimika. Mwenye nyumba aliyewahi kutengeneza, alitengeneza mara mbili.

Mwendo wa mtelezo huu una umbo linalotambulika, na umbo hilo lina faida kuliko nadharia nyingi. Msogeo hukua kwa logarithi ya muda, yaani kila muda ukizidi mara kumi, ardhi huongeza karibu kiasi kilekile. Tuseme kuna mahali ambapo kipimo cha ukuaji ni milimita 20 na muda wa kuanzia ni siku 1. Siku ya kwanza ikiisha ardhi itakuwa imesogea milimita 14. Siku ya 10, milimita 48. Siku ya 100, milimita 92. Siku ya 1000, milimita 138. Kati ya siku ya 10 na ya 100 ziliongezeka 44 au zaidi kidogo, na kati ya siku ya 100 na ya 1000 ziliongezeka karibu zilezile, ila sasa zimechukua miaka miwili na nusu. Ndiyo maana mtu anayepima kila Ijumaa huona kasi inashuka, akasema imekwisha. Haijaisha. Imepunguza mwendo tu.

Matetemeko madogo ya baadaye hufuata kanuni ya karibu na hiyo, aliyoiandika Mjapani Fusakichi Omori mwaka 1894: idadi kwa siku hupungua takriban kwa kugawanya na muda uliopita. Kama siku ya kwanza yalikuwa 100, siku ya 10 tarajia kama 10, siku ya 100 tarajia 1. Idadi hupungua; ukubwa hauna ahadi hiyo. Uturuki mwaka 1999 tetemeko la İzmit la tarehe 17 Agosti, lenye ukubwa wa 7.6, lilifuatwa tarehe 12 Novemba na la Düzce la 7.2, kwenye kipande cha jirani kilichokuwa kimeongezewa mzigo.

La pili ni maji. Mwamba una vitundu na mipasuko iliyojaa maji. Tetemeko likibana upande mmoja, maji huko hupata shinikizo. Upande uliolegea shinikizo hushuka. Mwamba hujikunja papo hapo, lakini maji yanahitaji muda kusafiri kutoka kwenye shinikizo kubwa kwenda kwenye dogo, na yakisafiri, ardhi iliyovimba hushuka na iliyoshuka hupanda. Iceland, Juni 2000, matetemeko mawili ya karibu 6.5 yalitoa somo safi: visima vya upande mmoja vilipanda, vya upande mwingine vikashuka, na vilipokuwa vikirudi taratibu kwenye usawa wake, picha za rada za setilaiti zilionyesha ardhi ikisogea kwa kufuata. Ilichukua takriban miezi 2. Kwenye mwamba mgumu usiopitisha maji kazi hiyohiyo inaweza kuchukua mwaka au zaidi. Kwenye chokaa iliyotoboka kama ya maweni yetu, maji hayakai yakisubiri.

La tatu ndilo la masafa marefu. Chini ya gamba gumu la dunia kuna koti, mwamba wenye joto kubwa ambao ukigongwa ni mgumu, lakini ukisukumwa kwa miaka hutiririka. Tetemeko kubwa hulibana koti kwa ghafla, kisha koti hujirudi kidogo kidogo kama godoro la sufi baada ya mtu mzito kuinuka. Muda wake unategemea mnato, yaani ugumu wa kutiririka. Gawanya mnato wa kawaida wa koti la juu, 10 kwa kipeo cha 19 kwa vipimo vya kimataifa, kwa ugumu wa mwamba, na utapata kama miaka 5. Hiyo ni kwa hatua ya kwanza tu. Kule Chile, zaidi ya miaka 30 baada ya tetemeko la 9.5 la mwaka 1960, vituo vya GPS vilivyoko bara vilikuwa bado vinasogea kinyume na mwelekeo uliotarajiwa, vikifuata koti. Alaska, baada ya lile la 9.2 la mwaka 1964, kuna sehemu zilizoendelea kupanda mpaka zikapita mita 1 katika miongo iliyofuata.

Tofauti ya msingi ni eneo. Mtelezo wa baadaye huonekana zaidi karibu na ufa. Maji hufanya maeneo madogo ya ardhi kupanda na kushuka kwenye ncha za ufa. Koti huburuta nchi nzima. Tetemeko la Sumatra la tarehe 26 Desemba 2004, lile la 9.1 ambalo mawimbi yake yalivuka bahari na kuua watu mpaka Somalia, Kenya na pwani yetu, liliivuta Phuket ya Thailand sentimita 27 hivi kwa siku moja, ingawa iko mamia ya kilomita kutoka kwenye ufa. Miaka michache baadaye msogeo wa polepole ulikuwa umeupita ule wa siku ya tetemeko.

Kwa tetemeko la 6 au 6.5, koti halina habari nalo. Hilo ni la 7 kwenda juu. Ukisoma mtandaoni kwamba koti linasukuma Bukoba tangu tetemeko la 5.9 la Septemba 2016, endelea na kazi zako.

Magati ya Ishinomaki

Machi 2011 tetemeko kubwa liliisogeza pwani ya kaskazini-mashariki ya Japani. Rasi ya Oshika ilikwenda zaidi ya mita 5 kuelekea baharini na kushuka zaidi ya mita 1. Mji jirani wa Ishinomaki ukajikuta bahari inaingia mitaani kila maji yakijaa, hata siku shwari. Kwa hiyo wakanyanyua magati na barabara za bandarini. Wakati huohuo ardhi ilikuwa imeanza kupanda: mtelezo wa kina chini ya pwani pamoja na koti viliipandisha makumi ya sentimita katika miaka iliyofuata. Baadhi ya magati yaliyoinuliwa yakawa marefu mno kwa boti za uvuvi, mvuvi akiwa chini na ukingo juu ya kichwa, ikabidi yakatwe.

Hakuna aliyefanya uzembe hapo. Samaki hawasubiri miaka 10. Lakini kisa hiki ndicho kinachotufaa zaidi visiwani kuliko picha zote za majengo yaliyoanguka, kwa sababu maisha ya pwani yetu yamepangwa kwa sentimita. Bamvua la Zanzibar lina tofauti ya mita 4 hivi kati ya kujaa na kupwa. Gati la boti, mdomo wa mtaro, ngazi za Mizingani, kila kimoja kimewekwa kwa kimo chake. Ardhi ikishuka sentimita 10, mtaro uliokuwa ukitoa maji ya mvua kipindi chote cha maji mafu huanza kurudisha maji ya chumvi.

Kwa ajili hiyo, rai yangu ni hii: baada ya tetemeko kubwa la karibu, kinachojengwa mwaka wa kwanza kwenye ukingo wa maji kijengwe cha kuweza kurekebishwa. Gati la kuelea, ngazi za mbao, mbao za kuziba mtaro. Zege la kudumu lisubiri vipimo viwili au vitatu vinavyoonyesha mwelekeo.

Kupima ukiwa kisiwani

Hapa ndipo watu wengi wanakwama, hata wenye vyombo.

Simu haisaidii. GPS ya simu hukosea mita kadhaa. Kipokezi cha kupimia cha kudumu, kinachorekodi kila sekunde 30 na kuchakatwa kwa siku nzima, hutoa nafasi kwa usahihi wa milimita 2 au 3 kwa mlalo, na mara mbili tatu ya hapo kwa wima. Hata hivyo namba ghafi zitakuonyesha Zanzibar ikisogea karibu sentimita 3 kila mwaka kuelekea kaskazini-mashariki, tetemeko lisiwepo. Hilo ni bamba la Somalia linaposafiri na kila kilicho juu yake. Liondoe kwanza. Kisha ondoa kupanda na kushuka kwa msimu, maana uzito wa maji ya masika na vuli huikandamiza ardhi kwa milimita kadhaa. Mwisho kagua daftari la kituo: mruko mmoja mkali siku antena ilipobadilishwa si tetemeko.

Rada za setilaiti zina uzuri wake. Sentinel-1, ya Ulaya, ilianza kurushwa mwaka 2014, picha zake hazina malipo, na kila mzunguko kamili wa rangi kwenye picha ya tofauti, inayolinganisha picha mbili za tarehe mbalimbali, ni msogeo wa sentimita 2.8 kuelekea au kutoka kwa setilaiti. Kwa visiwa vyetu kuna vikwazo vitatu. Pemba ni ya mikarafuu, minazi na vichaka, na majani yanayobadilika huvuruga mawimbi mafupi ya Sentinel. Rada za mawimbi marefu ya karibu sentimita 24, kama ya ALOS-2 ya Japani, hupenya vizuri zaidi. Mvuke wa hewa ya pwani unaweza kuiga msogeo wa sentimita kadhaa, kwa hiyo jozi moja ya picha si ushahidi, tafuta mlolongo. La tatu ndilo linalosahaulika: rada hupima tofauti kati ya nukta moja na nyingine, na bahari hairudishi alama inayotumika. Kati ya Pemba na bara hakuna daraja la vipimo. Kisiwa chote kikipanda kwa usawa sentimita 5, picha itatoka tulivu kabisa. Bila angalau GPS moja kisiwani, rada inaweza kukudanganya kwa ukimya.

Kipimo cha maji ya bahari bandarini, ambacho Zanzibar kimekuwepo tangu miaka ya 1980, kinaonekana ndiyo suluhisho, maana ardhi ikishuka chenyewe kitaonyesha bahari imepanda. Ni kweli, lakini kaskazi na kusi huibadilisha bahari kwa sentimita kadhaa kwa msimu. Kuona sentimita 1 ya ardhi humo unahitaji wastani wa miaka. Mruko wa sentimita 10 utauona ndani ya wiki chache.

Inabaki kazi ya kupima vimo kwa darubini na fimbo, kazi ya zamani ambayo bado haijapata mpinzani kwa umbali mfupi. Utaratibu unaofaa:

Chagua mwamba, usichague kifusi. Eneo lililojazwa, kama sehemu nyingi za ukingo wa mji, litashuka kwa sababu zake. Kwenye mwamba wa matumbawe gonga kwa nyundo kwanza. Mlio wa mtungi mtupu maana yake kuna pango chini, ondoka. Toboa, weka pini ya chuma kisichopata kutu ya urefu wa sentimita 15 hadi 20, shika kwa gundi ya epoksi. Kila mahali weka alama tatu ndani ya mita 50. Alama tatu zikishuka pamoja, ardhi imeshuka. Ikishuka moja, alama ndiyo iliyoshuka, au mtu ameigonga na gari. Pima kwenda na kurudi. Kwa mzunguko wa kilomita 4 kosa la kufunga, yaani tofauti unayoikuta ukirudi ulikoanzia, lisizidi milimita 24 kwa kazi ya kawaida, na milimita 8 kwa kazi ya daraja la kwanza. Kama unatafuta msogeo wa sentimita 1 na kosa lako ni 24, hujapima kitu.

Ratiba isiwe ya kila wiki. Kwa kuwa mwendo unakua kwa logarithi, pima kwa kuzidisha: siku ya 1, ya 2, ya 4, ya 8, ya 16, ya 32, ya 64, halafu ya 128, ya 256. Vipimo 9 tu, na kila kimoja kina uzito sawa kwenye mchoro. Chora muda kwa mizani ya logarithi; mtelezo wa baadaye utakaa karibu na mstari ulionyooka.

Tahadhari moja ambayo hata wahandisi huiruka: udongo laini unaojibana baada ya kutikiswa nao hushuka kwa logarithi ya muda. Mstari ulionyooka pekee haukuambii kama ni ufa wa chini au ni kifusi chini ya mguu wa alama. Kinachotenganisha ni ramani. Ufa hubadilisha ardhi kwa ulaini, kilomita kwa kilomita. Kifusi hubadilisha mtaa huu na kuuacha ule.

Na mchoro ukikataa kabisa umbo hilo, sikiliza. Mayotte, kwa majirani zetu wa Komoro, matetemeko yalianza tarehe 10 Mei 2018, na kubwa kuliko yote, la 5.8, lilipiga tarehe 15. Wiki kadhaa baadaye, wakati ambao ardhi ilitakiwa kupunguza mwendo, vituo vya GPS vilianza kusogea mashariki na kuzama, na vikaendelea mpaka vikafika karibu sentimita 20 kwa mlalo na pungufu ya hapo kwa wima. Mtelezo wa baadaye hauanzi kwa kuchelewa namna hiyo. Mwaka 2019 meli ya utafiti ilikuta kilomita 50 hivi mashariki ya kisiwa mlima mpya wa volkano chini ya bahari, wenye kimo cha mita 800 na ushei, unaoitwa leo Fani Maoré. Uji wa moto uliotoka chini ndio uliokuwa umekishusha kisiwa.

Kisima na shamba la mwani

Kwenye visima vyetu vya pwani maji matamu huelea juu ya ya chumvi. Kwa kila sentimita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, ziko karibu 40 chini yake. Kwa hiyo shinikizo likibadilika na uso wa kisima kushuka sentimita 3, mpaka wa chumvi unaweza kutaka kupanda zaidi ya mita 1, ingawa utachukua muda. Baada ya tetemeko pima kimo cha maji na uonje au upime chumvi, na upime wakati uleule wa maji ya bahari, kwa mfano maji yakiwa yamepwa kabisa, kwa sababu visima vya matumbawe vinapanda na kushuka pamoja na bahari. Maji kuchafuka siku mbili tatu ni kawaida. Usipandishe pampu kwa pupa kufidia. Ngoja wiki kadhaa uone kama kisima kinarudi.

Wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani wana kipimo kizuri kuliko wanavyodhani. Pwani inayoshuka mita 1 kwa kila mita 500 hugeuza sentimita 10 za wima kuwa mita 50 za mlalo. Mstari wa vigingi uliokuwa ukibaki na maji ya magoti kwenye bamvua ukianza kukauka, na bamvua la mwezi unaofuata likafanya vivyo hivyo, huo ni ushahidi wa kuandikwa. Bamvua moja halitoshi. Upepo peke yake unaweza kufanya hivyo.

Matumbawe nayo huweka kumbukumbu. Aina zinazokua kwa duara haziwezi kupita kimo cha maji ya kupwa; ardhi ikipanda vichwa vyake hufa, ikishuka huanza kukua tena kwenda juu, kwa takriban sentimita 1 kwa mwaka. Kwa njia hiyo mwanajiolojia Kerry Sieh na wenzake walisoma historia ya visiwa vya magharibi ya Sumatra, ambako tetemeko la 8.6 la tarehe 28 Machi 2005 lilinyanyua pwani ya Nias karibu mita 3 na kuacha matumbawe yakifa juani.

Nyufa za ukutani

Nyumba ya Mji Mkongwe ni ya mawe ya matumbawe, chokaa na boriti, na huwa na nyufa tangu kabla ya tetemeko. Kwa hiyo siku ya kwanza piga picha kila ufa ukiwa na rula ubavuni na tarehe imeandikwa ukutani kwa penseli. Ufa wenye vumbi, utando wa buibui au rangi ndani ni wa zamani. Ufa mpya una kingo kali na nyeupe.

Kisha pigilia misumari mitatu midogo ya chuma kisichopata kutu: miwili upande mmoja, mmoja upande wa pili, iwe pembetatu. Pima pande zote tatu kwa kalipa. Misumari miwili ingekuonyesha kufunguka tu. Wa tatu unaonyesha pia kama ukuta unateleza kwenda chini. Kipande cha kioo kilichogandishwa kwa plasta juu ya ufa nacho ni kizuri, ila kitakwambia kimevunjika tu, hakikwambii kwa kiasi gani. Pima alfajiri kila mara. Ukuta wa mawe wa mita 10 unaopata joto la nyuzi 10 zaidi hurefuka nusu milimita hadi 1, na mtu anayepima leo asubuhi na kesho adhuhuri atashtuka bure.

Tumia ratiba ileile ya kuzidisha. Nyongeza zikiwa zinapungua kwa siku, nyumba inafuata ardhi au udongo unaojibana, na mnaweza kusubiri. Nyongeza zikibaki sawa kila siku, au zikiongezeka, hilo si jambo la ufa wa chini ya bahari hata kidogo: ni msingi, ni boriti iliyooza, ni ukuta unaolemea. Watu watoke na mhandisi aitwe. Wala tarehe zisiwapoteze. Sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, miezi 4 na ushei baada ya tetemeko la Agosti. Lakini jumba lile lilikuwa na udhaifu wa miaka mingi, na lilishapata maporomoko mwaka 2012. Ukaribu wa tarehe si sababu.

Kuziba kusubiri mpaka vipimo viwili vinavyofuatana vya ratiba, tuseme vya siku ya 64 na ya 128, vitofautiane kwa chini ya nusu milimita. Mkitaka kuzuia mvua mapema, jazeni chokaa laini na mchanga, uwiano wa 1 kwa 3, bila saruji. Chokaa ikipasuka tena inakwanguliwa kwa saa moja na kujazwa upya. Saruji hushika jiwe la tumbawe, na ukuta ukisogea tena huondoka na uso wa jiwe.